Shajara ya mradi: mabaki ya programu kwenye kompyuta tano za steshenari

Jumanne, 10 Juni 2025

Leo nimeanza. Steshenari ya Mama ipo Tanga mjini. Ina kompyuta tano, printa tatu na skana moja, na riziki yake inatoka kwenye kopi, kuprinti, kuskani na kuwajazia watu fomu za mtandaoni. Msimu wa maombi ya mikopo ya vyuo umekaribia, na wakati huo foleni ya vijana hutoka mlangoni hadi barazani. Mama ameniita kwa sababu kompyuta namba 3 imegoma kuprinti tangu Ijumaa: kazi inaonekana kwenye foleni ya printa, kisha inatoweka bila karatasi kutoka.

Printa ni nzima. Kilichojaa ni diski. Namba 3 ina SSD (diski isiyozunguka) ya GB 120, ambayo Windows inaisoma kuwa GB 111 na kitu, maana mtengenezaji wa diski huhesabu GB moja kuwa baiti bilioni moja kamili, na Windows huhesabu kwa 1,024. Katika hizo 111, zilizobaki wazi ni 2.3. Kazi yoyote ya kuprinti huandikwa kwanza kwenye C:\Windows\System32\spool\PRINTERS ndipo isafiri kwenda printa, na kitabu cha kurasa 60 zenye picha kimekosa pa kukaa.

"Lakini mwanangu, programu zote za zamani nilishaziondoa mwaka jana," Mama aliniambia. Hakukosea. Kwenye orodha ya programu zimebaki 17 na zote zinatumika. Nikaendesha WinDirStat inayochora diski nzima kwa vipande vya rangi, kila kipande kwa ukubwa wa faili lake. Majina ya programu alizoziondoa Mama yalikuwepo bado, ndani ya folda ambazo Windows haionyeshi mpaka uiamuru ionyeshe vilivyofichwa.

Nimeandika lengo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari: kila kompyuta yenye SSD iwe na angalau GB 30 tupu kabla mwezi haujaisha, na lisipotee hata faili moja la mtu.

Alhamisi, 12 Juni

Nimekaa na dada wa kaunta saa nzima nikimweleza tunachokitafuta, kwa sababu mimi nikiondoka yeye ndiye atakayebaki na mashine hizi.

Programu ikisakinishwa haikai mahali pamoja. Yenyewe hukaa Program Files, au Program Files (x86) kama ni ya biti 32. Vitu vinavyowahusu watumiaji wote huwekwa ProgramData. Vya kila mtumiaji peke yake huwekwa kwenye AppData ya akaunti yake, ambayo ina vyumba vitatu: Local, LocalLow na Roaming. Juu ya hapo kuna funguo kwenye rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows na programu), kazi za ratiba, huduma zinazowaka kompyuta ikiwaka, na draiva (programu ndogo zinazoiwezesha Windows kuwasiliana na vifaa).

Kiondoaji huandikwa na mwenye programu, siyo na Windows. Kwa kawaida kinajua kilichowekwa siku ya kusakinisha. Yaliyozaliwa baadaye katika matumizi, kama kumbukumbu za makosa, kashe (mafaili ya muda) na kazi alizohifadhi mtu, mara nyingi hayamo kwenye orodha yake. Mengine yanaachwa kwa makusudi ili ukiirudisha programu ukute mipangilio yako kama ulivyoiacha, na mimi naona huo ni uungwana. Halafu kuna jambo ambalo kwenye kompyuta ya kushirikiana ni kubwa kuliko yote: hapa kuna akaunti sita, na wenye akaunti mbili walishaacha kazi. Mama alipoondoa programu akiwa kwenye akaunti yake, AppData yake pekee ndiyo iliyoguswa. Za wengine watano zimebaki zilivyokuwa.

Dada akaniuliza kwa nini tusiweke programu ya kusafisha ibofye yenyewe. Nina sababu mbili. Ya kwanza, Microsoft wenyewe hawaungi mkono visafishaji vya rejista: funguo zilizobaki ni kilobaiti chache, haziharakishi chochote zikifutwa, lakini ikifutwa isiyofaa Windows inaweza isiwake. Ya pili, programu ya namna hiyo unaipa mamlaka juu ya kompyuta nzima. Mwaka 2017 wahalifu waliingiza msimbo wao kwenye toleo la 5.33 la CCleaner, moja ya visafishaji maarufu duniani, na watu zaidi ya milioni mbili wakalipakua wakiamini ni toleo halali. Kwa mashine tano nitatumia mikono yangu.

Utaratibu wangu ni huu. Sifuti folda siku niliyoigundua. Nafunga programu zote, nabadilisha jina la folda kwa kuongeza "_ONDOA" na tarehe, kisha naiacha siku saba watu wakiendelea na kazi. Kikilalamika chochote, narudisha jina. Kwenye rejista, kila ufunguo nauhamishia kwanza kwenye faili la .reg na kulitunza kwenye flashi. Leo nimebadilisha majina ya folda tisa kwenye namba 3 na nne kwenye namba 4.

Jumamosi, 14 Juni

Nimeharibu kitu na nimekitengeneza.

Kwenye namba 2 orodha ya programu ilikuwa na mistari kumi ya Microsoft Visual C++ Redistributable, ya 2008, 2010, 2012, 2013 na 2015-2022, kila mmoja mara mbili, wa biti 32 na wa biti 64. Nilijua kuwa hizi ni maktaba ambazo programu nyingine huzitegemea. Lakini ile ya 2013 ya biti 32 niliona tarehe yake ni sawa kabisa na ya programu ya kuhariri picha iliyoondolewa mwaka jana, nikasema imekuja nayo, basi iende nayo. Nikaiondoa saa 4 asubuhi.

Saa 5 akaja mwalimu na orodha ya vitambulisho 40 vya wanafunzi. Programu ya vitambulisho ikakataa kufunguka. Kisanduku kikasema MSVCR120.dll haipatikani. Hiyo 120 ndiyo 2013. Ya 2010 ingeandikwa MSVCR100. Nikapakua kifurushi kile kile kutoka kwa Microsoft na kukirudisha, dakika kumi tu, lakini mwalimu alikuwa amesimama na bahasha ya picha mkononi, na nilimwomba radhi.

Kosa langu lilikuwa kusoma tarehe badala ya kuuliza nani mwingine anaitumia. Programu ya kwanza ndiyo iliyoileta, ya pili ikaikuta na kuitumia bila kuandika popote kwamba na yeye yumo. Kuanzia leo mistari yote ya Visual C++ na .NET (maktaba nyingine ya namna hiyo) siigusi, kwenye kompyuta yoyote. Yote kumi pamoja haifiki hata nusu GB.

Jumatatu, 16 Juni

Siku nzuri. Kwenye namba 3 nimepata vipande viwili vikubwa kuliko vingine vyote.

Cha kwanza ni GB 14.2 za kashe ya programu ya kuhariri video iliyotumika msimu mmoja wa harusi. Ni mafaili ya muda yanayotengenezwa ili video icheze bila kukwama, na mradi wenyewe ulishakabidhiwa kwa wateja. Nilimuuliza Mama, akathibitisha. Nimeyafuta moja kwa moja bila kusubiri siku saba.

Cha pili ni GB 18.7 ndani ya AppData\Roaming\Apple Computer\MobileSync\Backup, kwenye akaunti ya dada aliyeacha kazi mwaka juzi. Hapo ndipo iTunes ya Windows huweka nakala rudufu za simu, na ukiiondoa iTunes nakala hubaki. Inavyotakiwa ndivyo hivyo: programu ikiondoka na picha za mtu, hapo ndipo pangekuwa na msiba. Ndani kuna mafaili maelfu yenye majina ya herufi na tarakimu tu, na mtu asiyejua angedhani ni takataka tupu. Ni simu nzima ya mtu iliyokunjwa humo.

Mama alikuwa na namba yake. Nikampigia, nikajitambulisha, nikamweleza. Alinyamaza kidogo, kisha akasema simu ile iliibwa stendi na mle kulikuwa na picha za marehemu baba yake. Atakuja Jumamosi na diski ya nje. Folda ile sijaibadilisha hata jina.

Fundi mwenzangu alinipigia jioni kuniuliza nimefikia wapi. "Futa C:\Windows\Installer yote, kaka, utapata GB tisa dakika moja." Nimekataa. Humo kuna nakala za vifurushi vya MSI (vya kusakinishia programu) ambazo Windows huzitafuta inapotaka kuitengeneza programu, kuisasisha au kuiondoa. Ukizifuta leo hutaona kitu. Utaona siku ambayo programu itakataa kuondoka kwa sababu kifurushi chake hakipo.

Jumatano, 18 Juni

Namba 1 ni ya kaunta. Ina diski ya kuzunguka ya GB 500 na nafasi tupu ni tele, kwa hiyo nilitaka kuipita haraka. Imenila siku nzima.

Kwenye Documents ya akaunti ya kaunta kulikuwa na folda yenye jina la programu ya skana ya zamani, ile iliyokufa na kubadilishwa. Skana ilishatupwa, programu ilishaondolewa, folda ikabaki: GB 2.9, picha 1,846. Nikafungua ya kwanza. Kitambulisho cha mzee, mbele na nyuma, na pembeni kidole gumba cha aliyekishikilia kisiteleze kwenye kioo. Ya pili ilikuwa cheti cha kuzaliwa cha mtoto, mkunjo wake ukiwa umeacha mstari mweusi katikati ya jina la mama. Ya tatu, hati ya hospitali. Nikaacha hapo, nikafunga na kumwita Mama.

Programu ile ilikuwa na kawaida ya kuweka nakala ya kila kilichopita kwenye kioo. Mteja alichukua karatasi yake na kulipa, akaondoka akijua ameondoka nayo. Kumbe kila mmoja aliacha pacha wake ndani ya kompyuta ambayo mtu yeyote anayekaa kwenye kiti hiki anaweza kuifungua. Na hawa ni majirani: wengine Mama anawasalimia kila asubuhi.

Dada wa kaunta alikuwa na hoja, na sikutaka kuipuuza. Wapo wateja wanaorudi baada ya siku mbili wakiomba, "dada, nitolee ile ya juzi," na kuwa na nakala kunawaokolea shilingi na safari. Mama akasikiliza pande zote mbili. Nami nikamwambia kuhusu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023: taarifa ya mtu hukusanywa kwa kazi maalumu, na kazi ikiisha hakuna sababu ya kuendelea kuikalia. Uamuzi wake ulikuwa mfupi. Za zamani zote zifutwe. Za sasa zikae siku moja, na mteja anayetaka zibaki aseme mwenyewe.

Kufuta tu hakutoshi kwenye diski ya kuzunguka, maana kilichofutwa hukaa pale pale mpaka kiandikwe juu yake, na programu za kurejesha mafaili zinapatikana bure. Baada ya kufuta na kumwaga pipa la taka nilifungua dirisha la amri kama msimamizi nikaandika cipher /w:C:\ na kuiacha. Amri hii ipo ndani ya Windows yenyewe. Huijaza nafasi tupu mara tatu, kwanza kwa sifuri, kisha kwa 255, kisha kwa namba za kubahatisha, bila kugusa mafaili yaliyopo. Inachukua muda mrefu sana. Niliianzisha tulipofunga duka saa 1 usiku, kompyuta ikiwa kwenye UPS (betri ya akiba), nikaomba Mungu umeme usikatike.

Alhamisi, 19 Juni

Umeme haukukatika. Asubuhi nimekuta imemaliza.

Programu mpya ya skana nimeipangia folda moja mezani inayoitwa SKANI ZA LEO. Dada ataimwaga kila jioni kabla ya kuhesabu mauzo.

Ijumaa, 20 Juni

Mama amenipigia saa 3 asubuhi, sauti imebadilika. Msambazaji wa karatasi yupo dukani, wanataka kulinganisha madeni, na programu ya stoo ya namba 4 imefunguka tupu. Hakuna mteja wala deni, na rimu hata moja haionekani.

Nilijua ni folda ipi kabla sijapanda bodaboda. Tarehe 12 nilibadilisha jina la folda moja ndani ya ProgramData kwa sababu ilikuwa na jina la kampuni iliyotengeneza programu ya ankara ambayo Mama aliiondoa. Sikujua kuwa kampuni hiyo hiyo ndiyo iliyotengeneza programu ya stoo, na zote mbili zinatumia folda moja yenye jina la kampuni. Programu ya stoo haikufunguliwa tangu mwanzo wa mwezi, ndiyo maana siku zote hizi hakuna aliyelalamika.

Kurudisha jina kulihitaji uangalifu. Programu ilipokosa folda yake ilijitengenezea mpya, tupu, yenye jina lile lile. Ningeburuta folda ya zamani juu ya mpya, Windows ingetaka kuziunganisha, na mafaili matupu yangeweza kupambana na yenye data. Kwa hiyo: nikafunga programu, nikahakikisha kwenye Task Manager kuwa haipo chinichini, nikaipa ile mpya jina jingine, ndipo nikairudishia ya zamani jina lake. Nikafungua. Madeni yote yakarudi, kuanzia 2021.

Mama alikaa kwenye stuli bila kusema kitu, halafu akasema, "Ungekuwa umefuta?" Nikamwambia ukweli kwamba ningekuwa nimefuta, miaka minne ya daftari lake ingekuwa imekwenda. Siku saba hazikutosha. Zimeniokoa kwa sababu tu msambazaji alikuja siku ya nane na mimi nilichelewa kupitia. Kuanzia leo folda yoyote ya ProgramData inakaa siku thelathini, ikapite mwisho wa mwezi mmoja. Na kabla ya kuondoka nimemwekea nakala ya data ya stoo kwenye flashi mbili. Moja anakwenda nayo nyumbani.

Jumamosi, 21 Juni

Yule dada aliyeacha kazi amekuja na diski yake ya nje. Tumenakili GB 18.7 kwa dakika 20 hivi, tukalinganisha idadi ya mafaili na ukubwa pande zote mbili, kisha akazifuta yeye mwenyewe, kwa mkono wake. Namba 3 imepumua.

Mchana nilikuwa na draiva za printa kwenye namba 1. Mama amewahi kuwa na printa kumi na moja tangu afungue duka, na kila moja imeacha draiva. Kuondoa printa kwenye orodha hakuondoi draiva yake. Kwa printui /s /t2 unafungua orodha ya draiva zote, na ukichagua kuondoa inakuuliza kama uondoe draiva tu au na kifurushi chake pia. Nimechagua vyote viwili kwa printa nane ambazo hazipo tena. Mbili zilikataa kwa kuwa zilikuwa zinatumika. Nikasimamisha huduma ya Print Spooler, nikaiwasha tena, zikatoka. Kosa la "printa haipatikani" lililokuwa likitokea kila asubuhi limekwisha.

Jumanne, 24 Juni

Namba 2 ilikuwa na antivirasi iliyoondolewa zamani, lakini draiva zake zilikuwa bado zinawaka na Windows iliamini bado ipo. Matokeo yake Defender, antivirasi ya Windows yenyewe, ilijiweka pembeni na kompyuta imekaa bila ulinzi wowote, haijulikani ni miezi mingapi. Antivirasi hushika mizizi ndani ya mfumo na kuing'oa kwa mkono ni hatari. Karibu kila mtengenezaji hutoa zana yake ya kuiondoa. Nimeipakua kwenye tovuti yao, nikaiendesha katika Safe Mode (Windows ikiwaka na vitu vya lazima tu), nikawasha upya. Defender ikajiwasha yenyewe. Skani yake ya kwanza imekuta virusi vitatu vya flashi, vile vinavyoficha folda na kuweka njia za mkato.

Nimetumia pia Autoruns, kutoka Sysinternals, mkusanyo wa zana wa Mark Russinovich na Bryce Cogswell, ambao Microsoft waliununua 2006. Inaonyesha kila kinachojiwasha, na mistari ambayo faili lake halipo tena huipaka njano. Kulikuwa na tisa za njano. Nimetoa alama ya tiki tu, sijafuta.

Namba 5 haina Windows, ina Ubuntu (mfumo wa Linux), na imenichukua robo saa. Huko programu huondolewa kwa amri: apt remove huacha mafaili ya mipangilio, apt purge huyaondoa, na mfumo unakumbuka ulichoacha: dpkg -l | grep '^rc' ilinitolea vifurushi 23 vilivyoondolewa nusu nusu. Nimevipitia kimoja kimoja na kuvimalizia kwa purge. Vilivyo ndani ya ~/.config vya kila mtu purge haivigusi, na mimi nimeviacha.

Jumamosi, 28 Juni

Vipimo vya leo. Namba 3 imetoka GB 2.3 hadi 39 tupu. Namba 2 ina 33. Namba 4 ina 27, haijafika lengo, kwa sababu folda mbili za ProgramData bado zinahesabu siku zake thelathini na sitaziharakisha. Namba 1 na 5 hazikuwa na shida ya nafasi. Kurasa 60 zenye picha zimeprintiwa kutoka namba 3 mbele ya Mama, bila kusita.

Nimemfundisha dada kubadilisha jina badala ya kufuta, na kuandika kwenye daftari la kaunta nani ameulizwa. Jana ameandika mstari wake wa kwanza bila mimi kuwepo: jina la folda, tarehe, na mbele yake, "Nimemuuliza Mama, hajui. Tumuulize kaka wa zamu ya jioni."

Kaka huyo yuko likizo hadi tarehe 7 Julai. Folda ina MB 640. Inasubiri.